Kwa Nekesa, Anayekwenda Kuitwa DevOps

Nekesa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kamwokya kusuka nywele, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi wako na mdomo wake, hutarudi mapema. Nimepata nafasi. Mambo ya blanketi, dawa ya mbu na namba za wajomba nimemwachia shangazi yako, ambaye tangu asubuhi anafunga sanduku lako na kulifungua tena. Mimi nina jambo jingine, na ukiwa mbele yangu siwezi kulisema. Nikianza tu unacheka na kusema, "Mama, wacha kuogopa kazi za watu." Kwa hiyo naandika. Barua huwezi kuikatiza.

Naogopa, Nekesa. Naanza na hilo ili usilitafute katikati ya maneno.

Naogopa tangu Jumapili, tulipokuwa tunakula na bosi wako mpya akapiga simu kutoka Nairobi, nawe ukamweka kwenye spika kwa sababu mikono yako ilikuwa na mchuzi. Alikuwa mchangamfu. Aliuliza habari za safari, akakusifu kwa ule mtihani aliokupa. Kisha akasema, "Sasa tumetulia. Wewe ndio DevOps yetu." Wewe ulitabasamu, mimi nikaacha kutafuna. Ukamwuliza kwa adabu yule aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yako yuko wapi, ili mkabidhiane kazi. Akasema, "Aliondoka." Ukauliza kama unaweza kupata namba yake. Akasema, "Aliondoka tu. Lakini usijali, funguo zote utakuwa nazo wewe peke yako." Shangazi yako akapiga makofi. Alidhani umepewa nyumba.

Mimi nilijua ni funguo gani. Ni za kuingia kwenye seva, za kutoa toleo jipya la programu na kulipeleka kwa wateja. Na programu yenyewe si ya kuuzia viatu. Muuguzi wodini anaandika uzito wa mgonjwa, nayo inamwambia ampe dawa kiasi gani. Kosa likipita hapo, linaingia kwenye mshipa wa mtu. Wanabadilisha kitu hicho mara kadhaa kwa siku, na anayeweza kukizuia ni mmoja, naye ni mtoto wangu ambaye bado analala na taa ikiwaka.

Najua unaniona mtu wa zamani. Lakini kabla hujazaliwa kwenye kazi hii, mimi nilikuwa Nakawa, hapa Kampala, kwenye ofisi ile ya ghorofa iliyokuwa ikinuka rangi, tukitengeneza programu za zahanati. Wakati huo tulikuwa tunatoa toleo mara chache sana kwa mwaka. Waandishi wa programu walikaa upande mmoja wa ukuta, watu wa seva upande wa pili. Sisi tuliandika, tukawarushia. Likiharibika, wao walisema tumeandika takataka, nasi tukasema hawajui kuendesha. Siku ya toleo Bosi wetu alituita wote ukumbini, tukasimama tukashikana mikono, mtu akaomba. Usicheke. Unajua ofisi za hapa, hata jenereta mpya tunaiombea. Halafu tulikula pilau, kisha tukakaa kungojea simu za malalamiko.

Nami nikawa mtu wa kupigiwa hizo simu. Waliniita Mama System. Sitakudanganya, nililipenda hilo jina. Zahanati ikikwama, hata kama ni sikukuu, mtu atasema mpigieni Mama System, nami nafungua kompyuta, nabonyeza hapa na pale, inaamka, wananishukuru kama nimefufua mtu. Niliona huo ndio ufundi. Sikujiuliza kwa nini kitu kile kile kinanihitaji kila wakati. Kukitengeneza kisinihitaji ilikuwa kazi isiyo na shangwe, basi nikawa naiahirisha.

Unakumbuka mazishi ya babu yako kule Busia. Ulikuwa umesimama kando yangu umeshika sketi yangu. Jeneza lilikuwa linashushwa simu ikalia, nami nikaipokea. Nilikwenda nyuma ya jiko la mama mkubwa nikamwelekeza mtu wa Kampala herufi kwa herufi, na niliporudi ndugu zangu walikuwa wameshatupa udongo. Hakuna aliyenigombeza. Mjomba wako alisema tu, "Kazi imekubali?" Nikajibu imekubali. Nilijisikia mtu muhimu, Nekesa. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba siku hiyo nilikuwa mtumwa tu mwenye jina zuri.

Ndiyo maana neno la huyo bosi wako lilinifanya niache kutafuna. DevOps si mtu. Wewe mwenyewe ulinieleza ulipokuwa chuo, ukichora mishale kwenye bahasha: kwamba anayeandika na anayeendesha wakae meza moja, mabadiliko yawe madogo, yapimwe kabla ya kutoka, yakiharibika yarudishwe haraka, na aliyekosea aweze kusema bila kuliwa. Hayo ni makubaliano ya watu wote. Sasa wamechukua makubaliano yao wakayapa jina la mtu mmoja, wakamwajiri, wakarudi kulala. Wakisema "DevOps yetu" wanamaanisha kuna mtu wa kuulizwa.

Nasi Nakawa tuliingia kwenye hilo shimo, ila kwa mlango mwingine. Bosi alikwenda semina akarudi amewaka. Akanunua kila kitu, na ukutani akatundika skrini kubwa yenye taa: kijani toleo limepita, nyekundu limekwama. Alisema kuanzia sasa tutatoa matoleo kila siku. Ssalongo, mtu wetu wa seva, baba wa wale mapacha uliokuwa ukicheza nao, akanyoosha mkono.

"Bosi, na maombi? Tutaomba mara ngapi kwa siku? Mungu naye atachoka na sisi, banange."

Tulicheka mpaka tukalia. Lakini nilikuja kulifikiria swali lake baadaye. Yale maombi yalikuwa hofu iliyovaa suti. Toleo likiwa dogo na limepimwa, hofu inapungua kwa haki. Sisi tuliondoa maombi, hatukuweka upimaji. Hofu iliondoka, hatari ikabaki.

Kwa sababu hivi ndivyo ilivyokuwa. Majaribio, ile programu ndogo inayokagua kila badiliko kabla halijatoka, yalikuwa yanachukua muda. Bosi alitaka kuona kijani. Alikuwa anapita na wageni, anawaonyesha skrini, anataka iwe kijani. Siku moja alimwambia Ssalongo, "Hii kitu inatuchelewesha, fanya namna." Ssalongo akafanya namna. Aliyazima. Tangu hapo ukuta ule haukuwahi kuwa mwekundu. Tulifurahi, tukapiga picha. Taa ya kijani ilikuwa inasema tu kwamba hakuna aliyeuliza swali.

Kisha zahanati moja ikapiga simu. Majibu ya maabara ya mgonjwa mmoja yalikuwa yanatokea chini ya jina la mwingine. Muuguzi aligundua kwa sababu mzee aliyekuwa mbele yake aliambiwa ni mjamzito. Hilo lilichekesha. Lakini hatukujua ni wangapi kabla yake walipewa majibu yanayofanana na ukweli, wakaenda nyumbani nayo wakayaamini. Mpaka leo sijui. Nikipita kwenye zahanati ile naangalia watu kwenye benchi nikiwaza.

Bosi alituita ukumbini. "Nani?" aliuliza. Hilo tu. Nani.

Na sisi, kila mmoja kwa zamu, tukajibu lile neno letu. "System ilikataa." "Hata kwangu ilikataa, ssebo." "Iko inakataa tangu juzi." Unalijua hilo neno, umelikulia. Gari imekataa, mlango umekataa, umeme umekataa. Tunalipenda kwa sababu ni la upole, halimwaibishi mtu. Lakini lisikilize vizuri. Kitu ndicho kinachokataa, binadamu hayumo. Tukishasema imekataa, hakuna anayeuliza tena ilikuwaje. Neno hilo linafunga mlango kwa adabu kabisa.

Ssalongo alinong'ona kwangu, "Mama System, niseme?" Nikamwambia sema, ukweli utakulinda. Akasimama, akasema kwa ile lafudhi yake ya Kiganda.

"Bosi, hiyo kitu haikukataa. Ni mimi nirizima majaribio. Uriniambia nifanye namna."

Alifukuzwa kabla ya chai. Bosi hakusikia ile sentensi ya mwisho, au aliisikia sana. Ssalongo alichukua koti lake na kikombe chake, akamsalimia mlinzi kama kawaida, akaenda. Nilichomwambia mimi kilikuwa kizuri kanisani. Ukweli humlinda mtu mahali ambapo watu wamekubaliana kuulinda kwanza. Kwingine unamvua nguo tu.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukione. Hakuna aliyepiga kelele. Ofisi ikawa na adabu kuliko zamani. Watu walisalimiana, walisema "kale, kale", yaani sawa, sawa, kwa kila agizo. Ila hakuna aliyesema tena kitu chochote. Mtu aliona kosa kwenye kazi ya mwenzake akanyamaza, maana akilitaja ataulizwa yeye. Wengine waliacha kabisa kutoa matoleo, wakawa wanayarundika, wiki baada ya wiki, mpaka yakawa makubwa kama yale ya zamani, nayo yalipotoka yakaangusha zahanati zote kwa mpigo. Skrini siku hiyo ilikuwa kijani tupu. Nilikaa chini yake nikapokea simu mpaka sauti ikanikauka.

Baada ya hapo Bosi mwenyewe alikwenda Kamwokya, kwenye kibanda ambacho Ssalongo alikuwa amefungua cha kutengeneza simu. Alimwomba arudi. Ssalongo alimpa kiti, akamnunulia soda, akamwambia, "Hapana, Bosi. Hapa simu ikikufa naambia mtu imekufa, na yeye ananishukuru." Hakurudi. Jumatatu Bosi alisimama ukumbini akatuambia maneno hayo kama alivyoambiwa, akasema na yeye ndiye aliyeagiza majaribio yazimwe. Kisha akakaa. Alikuwa amechakaa, na nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza.

Tulianza upya, polepole. Swali la "nani" likaachwa, tukawa tunauliza "ilikuwaje". Aliyeandika badiliko alibeba simu ya malalamiko wiki hiyo, kwa hiyo aliandika kwa uangalifu. Hakuna aliyetoa toleo bila jicho la pili. Yeyote, hata msichana wa mapokezi, aliweza kusema simamisheni, na tulisimama. Na tulijifunza kurudisha toleo la nyuma, tukalifanyia mazoezi siku za raha, ili siku ya shida mikono isitetemeke. Ilifanya kazi, Nekesa. Nilianza kwenda likizo na simu yangu ikanyamaza. Mwanzoni iliniuma, nikajiona sina kazi. Sasa naiona kuwa ndiyo kazi pekee niliyoifanya vizuri.

Kwa hiyo sipingi hiyo njia ya kutoa kidogo kidogo kila siku. Ndiyo njia nzuri kuliko zote nilizoziona. Ninachoogopa ni ile nusu yake, mwendo bila breki, na nimeisikia kwenye ile simu ya Jumapili. Nilitaka kukuambia kwamba siku ya kwanza, kabla hujapokea funguo, uulize mambo mawili tu: tukiharibu tunarudishaje, na ni nani mwingine ana funguo hizi. Wakikujibu vizuri, kaa. Wakicheka, au wakikuambia wewe ndiye jibu, basi rudi nyumbani, hata sanduku usilifungue. Sitakuuliza kitu, na shangazi yako nitamnyamazisha mimi mwenyewe.

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia.

Nekesa, nimeacha kalamu nikairudia. Simu yako umeiacha kwenye chaji jikoni, na imelia mara nyingi mfululizo. Nilidhani ni wewe umeazima simu ya msusi. Nikapokea.

"DevOps?" Kijana, anahema. Hata hodi hakuna.

Nikamwambia mimi ni mama yake, yeye hayupo.

"Ai, pole mama. Mwambie afungue laptop haraka. Kuna kitu imekataa huku."

"Kitu gani?"

Akasema ni mambo ya kiufundi. Nikamwambia nimefanya kazi hiyo kabla yeye hajaota meno, aseme. Akasema ni dozi. Za wodi ya watoto. Toleo limetoka mchana, na mahali pa uzito inasoma kilo vibaya, namba zinatoka kubwa.

"Nani aliyelitoa?" Nikajisikia nikiuliza swali lile lile la Bosi wangu, nikaona haya, lakini lilikuwa limeshatoka.

Akasema taratibu, "Mama, imetoka na jina lake."

Nikamwambia mtoto wangu yuko Kampala anasuka nywele, basi lake ni la kesho. Akasema anajua. Akaunti yako walishaitengeneza wiki iliyopita, na bosi alisema wawe wanatumia hiyo kwa sasa, maana ya yule aliyeondoka ilifungwa. Alisema hivyo kama anayenieleza njia ya kwenda sokoni. Jina lako limefika kabla yako, mwanangu. Limeshafanya kazi mchana kutwa.

"Rudisheni toleo la jana," nikamwambia.

"Hatujawahi kurudisha, mama. Hiyo ilikuwa ya yule mwingine. Ndio maana tunamngoja Nekesa."

"Basi pigeni simu wodini sasa hivi. Wauguzi waache kufuata skrini, wapige hesabu kwa karatasi, wamuulize daktari."

"Bosi hajaturuhusu kuambia hospitali. Amesema Nekesa atairekebisha kimya kimya."

Nikamwuliza kama ana mama. Akasema anaye. Nikamwuliza kama ana mtoto. Sikungoja jibu. Nikamwambia apige. Nikamwomba anitajie hospitali ni ipi, nipige mimi. Akasema, "Sawa, mama," sijui sawa ya nini, na simu ikakatika. Nimepiga tena na tena. Haipokelewi.

Nimemtuma shangazi yako na boda aje akuchukue hata kama kichwa kiko nusu. Nimebaki naandika kwa sababu mikono yangu haitaki kukaa, na kwa sababu najua utakapoingia nitakuambia yote ovyo ovyo na utasikia neno moja tu, laptop. Utainyooshea mkono. Nakujua, mimi ndiye niliyekuonyesha hivyo kule Busia. Utataka kuwaokoa, uirekebishe kimya kimya kama walivyotaka, na kesho watakushukuru sana, na hutatoka tena kwenye kiti hicho mpaka siku moja mtu mwingine naye aambiwe kwamba uliondoka.

Usiiguse kwanza. Hospitali ni ipi unajua wewe, walikutajia ulipofanya mtihani wao, mimi sijui. Piga simu hospitali. Omba muuguzi wa zamu wa wodi ya watoto, mwambie dozi za leo mchana zisiaminike, waangalie kila mtoto aliyepewa dawa. Sema kwa sauti, taratibu, urudie. Mambo ya programu yafuate baadaye, na bosi baada ya hayo. Kama baadaye bado utataka kupanda basi, nitakusindikiza bila neno. Kama hutataka, nitalifungua sanduku mwenyewe.

Muuguzi atakuuliza wewe ni nani hata uwape amri. Usimwambie kuna kitu kimekataa, wala usiseme kwamba bado hujaanza kazi. Mtajie jina lako lote, na jina la baba yako. Wao huko ofisini wamelitumia jina lako mchana kutwa. Sasa litumie wewe.

Mama yako